Dungu Linalohamahama

“Basi lipeleke kanisani kabisa,” nilimwambia. “Lifunge kwenye mnara wa kengele. Ngiri wakija ibadani utawapata wote.”

“Unatania, mama Ruthu. Mwenzio napiga hesabu ya upepo.”

“Hesabu ya upepo umeipiga mpaka imechakaa. Ngiri wao wanapiga hesabu ya karanga, na wamekuzidi.”

Lameck, mume wangu, alikuwa amesimama katikati ya shamba la mama yangu, kijijini Mvumi, kamba ya katani begani na kofia ya rangi ya majani kichwani. Mbele yake dungu lilikuwa limelala ubavu kama ng'ombe aliyekataa safari. Mdogo wangu Anyesi, anayeishi na mama, alikuwa ameshika mguu mmoja wa dungu kwa mikono miwili, akisubiri kuambiwa aubebe kuelekea wapi.

Dungu si kitu cha kumtoa mtu jasho la akili. Ni miti minne, jukwaa la fito juu kidogo ya kichwa cha mtu, na ngazi. Marehemu baba alikuwa analisimika asubuhi, na mchana amekaa juu anafukuza ndege kwenye uwele. Hakuwahi kulihamisha. Ndege walihama wao.

Lakini hili halikuwa la ndege. Kuna ngiri wanaishi kwenye korongo upande wa juu wa shamba, ndani ya mashimo yaliyochimbwa na mhanga, yule mnyama mla mchwa. Tangu karanga zianze kukomaa walikuwa wanashuka kila alasiri, baba, mama na watoto, mikia imesimama wima kama watu wanaotafuta mtandao. Wakifika kwenye tuta wanapiga magoti ya mbele, wanazamisha pua, na wanatembea kwa magoti mpaka mwisho wa tuta. Nyuma yao unabaki mtaro. Na karanga zile ndizo mwaka wa mama yangu. Mafuta ya kupikia ni hizo, sabuni ni hizo, sadaka ni hizo, sare ya mtoto wa Anyesi ni hizo. Mvua za mwaka huu mtama ulikauka ungali na urefu wa goti. Karanga zikiisha, mama hana kitu kingine.

Wilayani wakatoa kibali. Lameck ana shotgani yake halali, kwa hiyo akaruhusiwa kuua ngiri wawili, ndani ya shamba lile tu, mchana tu, na mwisho Jumamosi. Akaomba likizo ofisini, akatuaga nyumbani kwetu mjini, Ipagala, kama anakwenda vitani, akaniachia watoto. Mimi nikaja Ijumaa mchana na ndoo yenye kifuniko nikitegemea kurudi na nyama. Nikakuta hajafyatua hata risasi moja. Alichofanya wiki nzima ni kuhamisha dungu.

“Na sasa linakwenda wapi?” nilimuuliza.

Akanyoosha mkono kuelekea kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya zizi.

“Pale? Kutoka pale utawinda mbuzi wa baba mdogo.”

“Sikiliza. Pale kuna mwinuko. Mnyama hatazami juu, anatazama mbele. Halafu hewa ya jioni inashuka, haipandi, kwa hiyo harufu yangu...”

“Pale huoni shamba, Lameck. Unaona mkia wa zizi.”

“Nitawasikia wakija.”

“Utawapiga kwa kusikia?”

Anyesi akashusha mguu wa dungu. “Shemeji, mimi naomba tu uniambie kama ni mbali. Mgongo wangu haukusomea upepo.”

Mambo haya ya hewa inayopanda na kushuka aliyapata kwa Iddy, mwenzake wa ofisini, aliyemrushia video za kuwinda. Nimeziona. Mzungu mwenye ndevu amekaa juu ya mti, kwenye msitu uliojaa barafu, anangoja paa wa kwao mwenye pembe kama matawi ya mkwaju. Anaeleza kwa nini ameuacha mti wa jana na kuchagua wa leo: upepo unatoka huku, mnyama analala kule, njia yake inapita hapa, wewe ukae hapa. Ni maneno ya maana, sikatai. Lakini mzungu yule alihama mara moja na mwisho wa video paa alikuwa chini. Mume wangu alichukua kuhama tu.

Alichukua na mengine pia. Aliacha kuoga kwa sabuni ili ngiri wasimnuse. Wiki nzima. Niliposogea kumsalimia nikajua kwamba kama ngiri wanakimbia, hawakimbii sabuni. Alibeba na chupa ya sembe, akawa anaminya kidogo hewani kila baada ya hatua chache ili aone upepo unakwenda wapi. Mvumi nzima ikasema mkwe wa Paulina, yaani mama yangu, anatambika shambani kwa sembe ya dukani, na wazee wawili walikuja kumuuliza kwa adabu kama mizimu ya kwao haipendi unga wa mtama.

Nikamwambia anipe historia yote ya dungu, mahali kwa mahali, bila hewa ya jioni.

Mahali pa kwanza palikuwa kwenye mti ulio karibu na mdomo wa korongo, upande wa magharibi wa njia ya ngiri. Alikaa hapo alasiri moja tu. Akashuka na kusema hapafai, upepo unazunguka.

Mahali pa pili palikuwa chini kando ya barabara, kwenye mkuyu. Pale simu inashika vizuri, akaweza na kujibu mambo ya ofisi. Tatizo ni kwamba barabara ina watu, na watu wa Mvumi hawampiti mtu mzima bila kumsalimia, awe chini au awe juu ya mti. “Mbukwa, baba Ruthu.” “Mbukwa.” “Habari za huko juu?” “Za huku nzuri, za chini?” “Za chini nzuri. Wameshakuja?” “Bado.” “Mama Ruthu hajambo?” “Hajambo.” Wanawake wanaotoka kisimani wakimpa shikamoo, naye anajibu marahaba, tena kwa sauti ili asionekane ana majivuno ya mjini. Kutoka mchana mpaka jua linazama alikuwa anasalimiana. Ngiri walikuwa wamekaa kwenye kingo za korongo wanasikiliza habari za kila nyumba.

Mahali pa tatu palikuwa katikati ya shamba, hapo hapo tuliposimama. Kusimika dungu mle kulitaka mashimo manne, na kila shimo lilipita kwenye tuta. Ukijumlisha na miguu ya waliobeba, ile siku moja Lameck aliharibu karanga nyingi kuliko ngiri mwenye watoto. Na alipopanda akawa kama bendera ya shule. Ngiri walitoa vichwa, wakamtazama, wakarudi ndani.

“Mahali pa kwanza ndipo penyewe,” nilisema.

“Pale hapafai.”

“Kwa nini hapafai? Upepo wa mashariki unapita kutoka kwao kuja kwako. Jua la jioni liko mgongoni mwako na machoni mwao. Mbele yako kuna ukuta wa korongo wa kupokea risasi isimfikie mtu. Hata mzungu wako wa barafu angepanda pale.”

“Nimekwambia upepo unazunguka.”

“Unazungukia nini?”

“Mama Ruthu, jambo hili lina utaalamu wake. Tusibishane mbele ya watu.”

Watu wenyewe ni Anyesi. Nikajua kuna kitu. Nimeishi na Lameck miaka ya kutosha kujua kwamba akianza kusema utaalamu, kuna jambo dogo la aibu limekaa chini yake. Nikamwacha ameshika kamba, nikapandisha kupitia shambani kwenda kuangalia mwenyewe.

Dungu lilikuwa limeondolewa lakini ngazi ya kwanza ilibaki imeegemea kwenye mti, kwa sababu, alisema, imeshika harufu ya binadamu. Nikafunga kanga kiunoni nikapanda mpaka usawa wa jukwaa. Mbele niliona njia ya ngiri, nyeupe, imekanyagwa vizuri kama njia ya kwenda sokoni. Kushoto mashimo. Sikuona dosari yoyote. Kisha nikageuza kichwa kulia, ambako shamba linateremka mpaka nyumbani kwa mama.

Pembeni mwa nyumba yake ya tembe kuna bafu la mama. Ni ua wa mabua ya mtama, duara, halina paa. Ukiwa chini huoni kitu. Ukiwa pale juu unaona kila kitu isipokuwa mlango. Na mama alikuwa ametoka kupalilia, kwa hiyo alikuwa mle ndani, kata mkononi, anajimwagia.

Nilishika ngazi vizuri kwa sababu kicheko kilitaka kuniangusha.

Kwa asiyetujua, nieleze. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake wanaishi kama watu wanaogopana. Hali naye sahani moja. Hakai kwenye kitanda chake. Wakikutana njiani, mmoja anakwenda pembeni. Wakiwa na jambo la kuambiana, wanamweka mtu katikati awe anapeleka maneno, hata kama wote wamo chumba kimoja. Lameck alizaliwa kijijini Manda, kwenye mila hizi hizi, na analijua hili kuliko jina la mkurugenzi wake. Sasa mtu huyo ukampandishe juu ya jukwaa, juu ya kichwa cha mkwe, umwelekeze bafuni.

Nikashuka. Lameck alikuwa ameshanifuata, anatazama viatu vyake.

“Ulimwona,” nilimwambia.

“Sikumwona.”

“Lameck.”

“Niliona kata.” Alisema kwa sauti ya mtu anayeungama. “Ilipanda juu ya mabua, ikamwaga maji. Nikafumba macho hapo hapo. Nikashuka nimefumba. Tazama.” Akapandisha suruali. Muundi wote ulikuwa umechunika kutoka juu mpaka chini. “Kata tu, mama Ruthu. Mungu anajua.”

“Na kwa ajili ya kata ukazungusha dungu shamba zima?”

“Ulitaka niseme nini? Niende kwa mkwe nimwambie, mama, samahani, hamisha bafu, pale juu naona? Nikisema naona, ndiyo nimeona.”

“Ungeniambia mimi.”

“Kwa simu? Halafu wewe umwambie mama yako kwa sauti hiyo yako?”

Hapo alikuwa na haki kidogo. Nikafikiri kwa haraka. “Tuning'inize gunia upande wa kulia. Unakaa nyuma ya gunia, unatazama korongo, kwisha.”

“Karanga ziko kulia. Ngiri akishapita njiani anaingia kulia. Nitapiga gunia?” Kisha akaongeza, polepole, kama mtu aliyekesha analifikiria: “Halafu kila apitaye atauliza, baba Ruthu amezibwa asione nini? Gunia lenyewe litawatangazia.”

Nikamwacha, nikateremka kwa mama.

Nilimkuta ameshaoga, amekaa kibarazani anajipaka mafuta miguu. Mimi sijui kuzunguka, na hata ningejua muda haukuwepo; vivuli vilikuwa vimeanza kurefuka na kibali kinaisha kesho yake.

“Mama, bafu lako linaonekana kutoka kwenye dungu la kwanza. Lameck aliona kata, akashuka amefumba macho. Ndiyo sababu anahangaika.”

Mama akaendelea kupaka mafuta. “Najua.”

“Unajua?”

“Nilimwona akishuka. Mtu anashuka ngazi amefumba macho na bunduki begani, utaacha kumwona? Nikasema, huyu mkwe wangu ataua mtu au atajiua.” Akafunga kopo. “Tangu siku ile naoga usiku. Leo nimeoga mchana kwa sababu nimesikia wanapeleka dungu kwenye kichuguu.”

“Kwa nini hukusema?”

“Niseme nini? Nikisema ameniona, nimemfanya mwenye kosa. Kijana ana heshima, ameshuka amefumba macho. Nimwaibishe?”

“Basi ungehamisha bafu kimya kimya.”

“Nikihamisha, watu watauliza kwa nini.”

Nikakaa chini. Upande mmoja mkwe anaharibu shamba ili asiseme. Upande mwingine mama anaoga gizani na nge ili asiseme. Katikati ngiri wanakula, hawana mkwe wala aibu.

“Mama, karanga zako zinaisha.”

“Naziona. Kila asubuhi nazipitia. Lakini mimi sihamishwi bafu langu na nguruwe wa porini, Edina. Alilijenga baba yako.”

“Baba alijenga na zizi, na zizi tulilihamisha.”

“Kwenye zizi mtu havui nguo.”

Kabla sijajibu, baba mdogo Ernest akaingia. Huyu ni mdogo wake marehemu baba, na nyumba yake imetenganishwa na ya mama kwa ua wa minyaa. Ua ule unazuia mbuzi, hauzuii masikio. Alikuja na kigoda chake mwenyewe, na baba mdogo akija na kigoda chake ujue amekuja na jambo refu.

“Shikamoo, baba mdogo.”

“Marahaba, mwanangu. Nimesikia.” Akaketi. “Hili si jambo dogo. Mkwe amekaa juu ya mkwe. Amemwona.”

“Ameona kata,” nilisema.

“Kata iko mkononi. Mkono uko mwilini.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo kitakaa kikao. Jumapili, baada ya ibada. Lameck ataleta mbuzi, beberu, mwenye rangi moja. Tutachinja, tutaongea, macho yatasafishwa. Baada ya hapo ndipo tutazungumza dungu likae wapi na bafu likae wapi.”

“Kibali kinaisha kesho.”

“Kibali ni cha serikali. Hili ni la ukoo.”

“Na karanga ni za nani?”

“Karanga zitakuwepo.”

“Zitakuwepo wapi, baba mdogo? Tumboni mwa nani?”

Akanitazama kama anavyomtazama mtoto aliyeingilia maongezi ya chakula. Nikamuuliza mbuzi atasema nini kikaoni ambacho sisi hatuwezi kusema leo. Akasema mbuzi hasemi, mbuzi analiwa. Nikamwambia hapo tumeelewana. Nikamuuliza tena, kama kilichoonekana ni kata, kwa nini tusisafishe kata? Kuna maji na majivu pale.

“Edina,” alisema mama kwa sauti ya kuonya, lakini mdomo wake ulikuwa umekazana mahali fulani, na nikaona anazuia kucheka.

Baba mdogo hakuona. “Mtoto wa shule ana mdomo. Lakini mpaka kikao kikae hakuna kitakachoguswa. Wala dungu, wala bafu. Ukihamisha bafu leo umekiri kwamba mama yako ameonekana. Umemvua nguo mbele ya Mvumi nzima. Unataka hivyo?”

Hapo ndipo mama alipoacha kuzuia kucheka. Aliinamisha macho kwenye kopo la mafuta, akaanza kulizungusha. Nikajua maneno yamempata. Angeweza kukaa hapo mpaka Jumapili akizungusha kopo lile, kwa sababu ya Mvumi nzima, na Jumatatu kwenye matuta kusingebaki kitu cha kung'oa.

Anyesi akaja mbio kutoka shambani, pumzi juu. “Dada, wametoka. Wako kwenye tuta la mwisho kule juu. Mkubwa na wadogo zake. Shemeji yuko kwenye kichuguu, hawaoni.”

“Umemwambia?”

“Nimemwambia. Anasema anawasikia.”

Nilisimama. Pembeni ya mlango kulikuwa na shoka na jembe la mama. Nikachukua shoka, nikampa Anyesi jembe.

“Unakwenda wapi?” aliuliza baba mdogo.

“Bafuni.”

“Nimesema hakuna kitakachoguswa.”

“Umesema, baba mdogo, na nimesikia. Sasa nikuulize. Watu wakiona bafu limehama watasema mama ameonekana. Wakiona dungu limehamahama wiki nzima likiliacha lile eneo zuri, wameshasema nini? Wanawake wa kisimani wanapita hapo chini kila siku. Unadhani hawajui hesabu? Mvumi nzima inajua. Ambao hatujasema ni sisi wa hapa nyumbani tu, na wewe unataka tulipie mbuzi kwa kuchelewa.”

Mama aliacha kuzungusha kopo.

Sikungoja aseme. Nilizunguka upande wa bafu nikaanza na nguzo ya mlango. Kamba zilikuwa za miaka, zikakatika kwa pigo moja, na ukuta wa mabua ukalala wenyewe kwa mshindo mkavu. Anyesi akachimbua nguzo ya pili. Baba mdogo alikuwa amesimama na kigoda chake mkononi, anasema neno ukoo, na kila akilisema nguzo moja inatoka. Mchwa walikuwa wamekula nguzo mbili chini ardhini mpaka zimebaki kama sigara. Upepo ungeliangusha bafu lile mwezi ujao, na hapo mama angeonekana na barabara nzima.

“Msiliweke upande wa jalala,” ilikuja sauti ya mama kutoka barazani.

“Tunaliweka nyuma ya tembe, mama. Nyumba yenyewe itakuziba. Hata apande juu ya wingu haoni.”

“Nyuma kuna tope.”

“Tutaweka jiwe lako.”

“Jiwe langu msiliburute. Litapasuka.”

Akaja mwenyewe. Alilisukuma kwa mguu kwanza, kisha akaliinamia, lile jiwe bapa analosimama juu yake akioga, akalinyanyua hadi tumboni na kulibeba bila kumwomba mtu. Alipita mbele ya baba mdogo akamwambia, “Ernest, shemeji, kama umesimama bure shika ile fito.” Baba mdogo alitazama huku na huku, akaweka kigoda chini, akashika fito. Aliishika kwa ncha mbili za vidole, kama mtu aliyeshikishwa mkia wa panya, lakini aliishika.

Lameck alikuwa ameshateremka kutoka kwenye kichuguu aliposikia mabua yakianguka. Akaona kinachovunjwa, akageuka mara moja akatupa mgongo. Hawezi kugusa nguzo za bafu la mkwe, hilo nalo ni mwiko. Nikampigia kelele akiwa amenipa mgongo.

“Wewe beba dungu. Rudisha mahali pa kwanza. Mashimo yako yapo bado.”

“Peke yangu?”

“Wiki nzima umelizungusha, leo limekuwa zito?”

Akalivuta. Alilivuta kwa kamba kupita kando ya shamba, safari hii akizunguka matuta badala ya kuyakanyaga, nikaona kuna kitu amejifunza. Sisi tukachimbia nguzo nyuma ya tembe, tukapitisha fito, tukasimamisha mabua. Yalikuwa yamevunjika-vunjika na upande mmoja ulibaki na pengo, nikaziba kwa kanga yangu. Mama akaweka jiwe lake, akalikanyaga, likacheza, akaliinua akalichimbia upya mpaka likatulia. Baba mdogo akasema pengo lile lingehitaji mabua mengine na kwamba anayo kwake. Akaenda kuyaleta.

Nilipotoka upande wa mbele, dungu lilikuwa limesimama kwenye mti kule juu, miguu yake minne ndani ya mashimo yake. Jua lilikuwa nyuma yake. Ngiri walikuwa wamerudi kwenye kingo za korongo kwa sababu ya kelele, lakini hawakuingia mashimoni. Walisimama wanangoja watu tumalize mambo yetu. Lameck alikuwa chini ya ngazi, bunduki begani, chupa ya sembe mfukoni, anatazama ardhi. Hakupanda. Akaita kwa sauti ya adabu, akielekeza maneno kwa mtu yeyote isipokuwa aliyemkusudia.

“Mama Ruthu. Uliza kama naweza kupanda.”

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. Alimsikia vizuri, mbali haikuwa. Akaokota ndoo na kata.

“Edina,” alisema, “mwambie mumeo apande. Mimi naenda kuoga.”

“Lameck,” nikaita, “mama anasema upande.”

Mama akazunguka nyuma ya nyumba na ndoo yake. Lameck akaimwaga sembe yote chini kwa mkupuo mmoja, akaitupa chupa, akapanda.